Mchagua jembe naye ni mkulima



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi katika vikao vya nidhamu, na mimi mwenyewe nimeitumia. Huambiwa mfanyakazi anayeomba kuhamishwa idara, au kijana aliyeacha kazi tatu katika miaka miwili. Maana yake ni kwamba mtu wa kazi hashindwi na kazi, na anayeuliza jembe la namna nyingine anatafuta kisingizio. Leo nataka kueleza kwa nini siitumii tena. Jambo hili nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na ndiyo maana naona ni wajibu wangu kuliandika.

KIKAO CHA NUSU SAA

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa tawi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Uganda. Tulikuwa na mwanachama aliyekuwa msaidizi wa mafundi katika idara ya kufuma. Mtambo ukiharibika usiku, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa akitega sikio karibu na mtambo na kusema, "Beringi ya upande wa pili imekwisha." Wakifungua, wanaikuta imekwisha kweli. Aliweza kulala chini ya mtambo saa tatu nzima bila kukumbuka chakula. Siku ambayo hakuna kilichoharibika alizunguka idara hadi idara akizungumza na kila mtu, na wasimamizi walimgombeza. Lakini mitambo yetu ilikuwa ya zamani, na siku kama hizo hazikuwa nyingi.

Uongozi ulimpenda ukampandisha cheo, akawa karani wa stoo ya vipuri. Mshahara uliongezeka, akapewa meza, kiti na leja. Sisi wa chama tulimpongeza. Tuliona ndugu yetu ametoka kwenye grisi na sasa atafanya kazi akiwa amekaa.

Baada ya miezi minne mambo yakaharibika. Fundi alipokuja kuchukua mkanda, karani wetu alimpa, kisha akamfuata hadi mtamboni aone unavyofungwa, na mlango wa stoo akauacha wazi. Kadi alisema ataiandika akirudi. Akirudi anamkuta mtu mwingine mlangoni. Jioni leja ilikuwa na mapengo, naye hakumbuki nani alichukua nini. Vitu vilipohesabiwa vilikuwa pungufu. Hakuna aliyethibitisha wizi, wala hakuna aliyemdhania mwizi, lakini hesabu ni hesabu.

Alipata barua tatu za onyo. Baada ya kila barua alifanya kazi vizuri kwa wiki mbili, akikaa mpaka usiku kunyoosha leja, halafu mambo yakarudi palepale. Hilo ndilo lililomponza zaidi. Meneja alisema, "Mnaona? Akitaka anaweza. Basi hataki."

Siku ya kikao nilikaa kando yake kama mwakilishi wake. Aliulizwa kwa nini anasahau. Akajibu, "Sijui, bwana." Akaulizwa tena, akajibu vilevile, akiangalia mikono yake. Mimi nikamnong'oneza aombe radhi. Aliomba radhi. Kikao kilichukua nusu saa, naye akafukuzwa.

Ndugu zangu, nilikuwa na haki ya kusema katika kikao kile. Ningeweza kusema maneno machache tu: mrudisheni kwenye mitambo. Sikuyasema, kwa sababu hayakunijia. Niliwaza sawasawa na meneja, kwamba aliyepandishwa hawezi kuomba kushuka, na kwamba msahaulifu wa namna ile ni mzembe. Nilirudi nyumbani nikalala.

CHINI YA LORI MALABA

Mwaka 2018 nilikuwa nikivuka mpaka wa Malaba kwenda Kenya kwenye mkutano wa vyama. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu kama kawaida ya pale. Chini ya lori moja miguu ilitokeza, na sauti ikaita, "Katibu!" Alikuwa yeye. Alitoka amejaa grisi usoni, akanipa mkono kwa kiwiko ili asinichafue. Mimi nilitamani nijifiche. Yeye alicheka, akaagiza chai, tukakaa juu ya gurudumu la akiba.

Alinieleza safari yake. Baada ya kufukuzwa alikuwa mlinzi wa usiku, lakini kukaa mahali pamoja saa kumi na mbili bila jambo lolote kulimshinda, akawa anaondoka lindoni. Akaendesha bodaboda na kuipenda sana, mpaka alipoanguka mara mbili kwa kukimbilia abiria, akaiacha kabla haijamuua. Akauza mitumba, lakini alikopesha kila mtu bila kuandika, mtaji ukaisha. Katika miaka hiyo mkewe aliuza cherehani yake ili walipe kodi ya nyumba. Akiba yake ya uzeeni ilisimama. Kiwandani mwajiri alikuwa akimwekea asilimia 10 ya mshahara katika NSSF, naye akikatwa asilimia 5. Tangu siku ile hakuna aliyemwekea hata shilingi.

Mwishowe fundi mmoja wa malori alimwomba amsaidie kuinua gia. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kazi ya malori yaliyokwama barabarani ilimkaa mwilini. Kila gari lina ugonjwa wake, dereva anangoja, mzigo unangoja, na lori likiwaka kazi imeonekana palepale. Madereva wakawa na namba yake ya simu kutoka Malaba hadi Tororo.

"Na vitabu?" nikamwuliza.

"Mimi nashika spana, mama watoto anashika kalamu," akasema. Mteja halipi kwake, hulipa kwa mkewe, naye mama huandika kabla fedha hazijaingia mfukoni. Spana zake amezipaka rangi nyekundu na kuzitundika kwenye ubao wenye alama ya kila moja, ili pengo lionekane kabla hajaondoka. Kwenye simu ameweka kengele tano kwa siku.

Nikamwuliza nani alimfundisha mambo hayo. Akaniambia ni mtoto wake. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba kijana hatulii darasani na anasahau kila kitu, wakampeleka hospitali kwenye kitengo cha afya ya akili. Afisa wa tiba alipokuwa akiuliza habari za mtoto, kila swali baba alijibu, "Hata mimi." Mwishowe afisa akaweka kalamu chini akasema, "Basi mzee, tuanze na wewe."

HALI HII NI NINI

Waganga huiita kwa herufi nne, ADHD. Kwa lugha yetu tuseme ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia. Si laana, si kurogwa, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu utotoni, na sehemu yake kubwa hurithiwa. Kwa hiyo si ajabu baba na mwana kupimwa siku moja.

Si habari mpya pia. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wa namna hii. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni jambo la watoto, ambalo huisha mtu akikua. Leo inajulikana kwamba kwa wengi halishi, bali hubadilika sura. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya madawati huwa mtu mzima ambaye mwili umekaa lakini akili inakimbia. Huanza mambo kumi akamaliza matatu. Husahau aliloagizwa dakika tano zilizopita. Hawezi kukadiria muda, na dakika kumi na saa nzima kwake huwa na uzito mmoja. Lakini jambo likimpendeza au likiwa la haraka, huzama ndani yake hata asisikie akiitwa.

Hapo ndipo tunapokosea sisi wasimamizi na viongozi. Tukiona mtu anaweza jambo moja kwa bidii ya ajabu, tunasema uwezo anao na nia hana. Kwa kweli umakini anao, ila hauko chini ya amri yake. Ni kama ng'ombe wa jembe anayevuta kwa nguvu lakini hasikii kamba.

Ndugu wanawake, angalieni jambo hili kwa makini. Wapo wenye hali hii ambao hawarukiruki hata kidogo. Hukaa kimya, akili imekwenda mbali, na watu husema anaota mchana. Wasichana wengi huwa wa namna hiyo, na kwa sababu hawasumbui mtu, hakuna anayewapeleka kwa mganga.

Je, ni watu wangapi? Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi kumi, ingawa hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Walikuta wafanyakazi kama 3.5 katika kila 100 wana hali hii. Walikuta pia kwamba kila mmoja wao hupoteza wastani wa siku 22 za kazi kwa mwaka zaidi ya wenzake, zikihesabiwa na siku ambazo mtu yupo kazini lakini kazi haiendi. Kama kwetu ni vivyo hivyo, kiwanda cha watu 600 kina watu 21 wa namna hii. Huenda baadhi yao wako katika jalada la barua za onyo.

Lakini tusiwe madaktari wa barabarani. Kusahau na kutotulia huletwa pia na kukosa usingizi, pombe, majonzi, ugonjwa wa tezi na mambo mengine. Mganga hutazama kama dalili zilikuwapo kabla ya miaka 12, kama zinaonekana nyumbani na kazini pia, na kama zinamharibia mtu maisha yake. Kwetu Uganda mtu aende kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, Kampala. Zipo dawa zinazowasaidia wengi, lakini baadhi yake ziko chini ya ulinzi mkali wa mikataba ya kimataifa, na ni za kuandikwa na daktari. Ndugu wanaotafuna mairungi ili wakazane na kazi ya usiku wajue kwamba hiyo si tiba.

DAFTARI LA KAZI

Kutoka kwa ndugu yule wa Malaba nilijifunza njia ya kutafuta kazi inayomfaa mtu. Afisa wa tiba alimwagiza aandike kazi zote alizowahi kufanya. Tangu hapo nimekaa na wanachama kadhaa na daftari la shilingi chache, tukafanya vilevile. Haihitaji elimu kubwa. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi.

Andika kila kazi uliyofanya tangu ujana, hata ya shambani, hata ile ya wiki mbili. Kwa kila kazi jibu maswali manne. La kwanza, katika kazi hiyo ni jambo gani ulilifanya bila kusukumwa? La pili, ni jambo gani lililokushinda kila siku hata ulipojitahidi? La tatu, nani alikuwa karibu nawe, na alikusaidia vipi? La nne, uliondokaje?

Ukimaliza, usiangalie majina ya kazi. Angalia yanayojirudia. Ndugu yetu aliona kwamba mlinzi, karani na mwuza mitumba ni kazi tatu za majina tofauti, lakini zilimshinda kwa mambo mawili tu, yaani kungoja na kuandika. Aliona pia kwamba mitambo, bodaboda na malori vilimpendeza kwa mambo manne: mwili unatembea, tatizo ni jipya, kuna haraka, na matokeo yanaonekana leo. Kisha akajiuliza swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: katika hizo nilizozipenda, ipi itanilisha bila kuniua? Bodaboda ikaanguka hapo.

Hili la ajali si mzaha. Watu wenye hali hii hupata ajali zaidi barabarani kuliko wengine. Uchunguzi uliofanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaume wenye ADHD walipata ajali kubwa chache zaidi katika miezi waliyotumia dawa. Basi kupenda kazi ya mbio hakutoshi. Kazi inayofaa ni ile unayoweza kuifanya mpaka uzee ukiwa na viungo vyako vyote.

Jambo la mwisho katika daftari ni kuandika utakachokiweka nje ya kichwa. Kila kazi, hata ile nzuri, ina sehemu ya leja. Aliyepata kazi inayomfaa bado atahitaji ubao wa spana, kengele, orodha iliyobandikwa ukutani, na mtu wa kushika kalamu. Huo si utoto. Mwenye macho mabovu huvaa miwani, na hakuna anayemwambia akaze macho.

DADA WA KOLA

Mwaka 2021 lilinifikia shauri kutoka kiwanda kingine cha kushona mavazi. Dada mmoja alikuwa na barua mbili za onyo. Kazi yake ilikuwa kushona kola tangu asubuhi hadi jioni, vazi lenyewe halioni. Saa ya kwanza alishona vizuri kuliko wenzake. Baadaye akili iliondoka, kola zikashonwa kinyume, na mstari mzima ukamngoja. Alikuwa mtu mpole asiyejitetea. Wenzake walimwita "wa mbinguni".

Safari hii nilikwenda na daftari. Tulipofika kwenye kazi za zamani, akasema kabla ya kiwanda alikuwa akishona na mama yake katika senta ya kijijini kwao, wakirekebisha gomesi na suruali za watu. Nguo gani ilimshinda? Hakuna, ila zote zilichelewa. Nikamwuliza zilikuwa zinafanana? Akacheka. "Gomesi iliyochanika haifanani na nyingine, baba."

Katika kikao sikumwambia aombe radhi. Niliuliza kama kuna chumba cha sampuli na marekebisho, nikaambiwa kipo, na kina upungufu wa mtu. Nikaomba ajaribiwe miezi mitatu. Meneja alikubali haraka, na haraka yake ikanishtua. Sababu ilionekana baadaye: huko hakuna bonasi ya uzalishaji, kwa hiyo dada yetu angehama na kupoteza sehemu ya mapato yake. Tulirudi mezani mara mbili. Mwishowe tulikubaliana kwamba katika miezi ya majaribio alipwe mshahara wake pamoja na wastani wa bonasi ya mstari wake, na akifaulu apewe daraja la chumba cha sampuli. Tuliomba pia mambo mawili yasiyogharimu kitu. Kila kazi aipate na kadi iliyoandikwa tarehe ya kumaliza, na msimamizi aitazame kila siku saa sita mchana badala ya kungoja mwisho wa wiki.

Alifaulu, na yupo mpaka leo. Asubuhi bado huchelewa, na kwa hilo amepata onyo kama mfanyakazi mwingine yeyote, mpaka alipopatana na jirani yake wawe wakitoka pamoja. Sijui kama ana ADHD. Hakwenda hospitali, na hiyo ni hiari yake. Hatukuhitaji karatasi ya daktari ili kuomba kazi ipangwe vizuri.

SHERIA NA MEZA YA MAZUNGUMZO

Viongozi wa matawi, shikeni mambo haya.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na asikilize utetezi wake. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine amchague mwenyewe. Mtu huyo si wa kuketi tu kama nilivyoketi mimi. Maneno yake nayo ni lazima yasikilizwe.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 166 la 1982, linasema mtu asiachishwe kwa kazi isiyoridhisha mpaka awe amepewa maelekezo yanayofaa na onyo la maandishi, na ameendelea kushindwa baada ya muda wa kutosha wa kujirekebisha. Ulizeni basi: maelekezo gani yalitolewa? "Jirekebishe" si maelekezo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataka kazi irekebishwe kwa kiasi kinachofaa ili mtu aweze kuifanya. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya 2020 nayo inakataza ubaguzi kazini. Si kila mwenye ADHD atahesabiwa kuwa mlemavu. Inategemea hali inamzuia kiasi gani, na hapo cheti cha daktari kina kazi. Lakini siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Asiitangaze chama bila ruhusa yake, hata kwa nia njema.

Kwa wasio na vyeti vya shule, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008 idara ya mafunzo ya viwanda ya Lugogo, Kampala, ilianza kuwapima watu waliojifunza kazi kwa mikono na kuwapa cheti cha ujuzi. Ndugu yetu wa Malaba alipimwa hivyo. Hakuna aliyemkalisha kuandika insha, alipewa injini. Na tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, aliyejiajiri naye anaweza kujiwekea akiba kwa hiari. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Mkewe ndiye anayepeleka fedha.

TUSIDANGANYANE

Zipo hatari mbili. Ya kwanza ni kwetu wafanyakazi. Hali hii isigeuzwe ngao ya kila uzembe. Mwenye nayo ana wajibu wa kusema linalomshinda, kutumia misaada iliyokubaliwa, na kutowaachia wenzake mzigo wake. Chama humtetea mtu anayejaribu.

Hatari ya pili ni kwa waajiri. Wakishajua kwamba wapo watu wanaopenda mwendo na haraka, watatwambia kwamba kazi ya usiku, ya hatari na ya malipo duni ndiyo "inayowafaa". Tukatae. Kazi ya kumfaa mtu haina sababu ya kuwa na mshahara mdogo. Fundi anayefufua mtambo usiku wa manane hana thamani ndogo kuliko karani. Kama kiwanda kile kingekuwa na ngazi ya kupanda kwa mafundi, ndugu yetu asingelazimika kuacha kazi anayoiweza ili aongezewe mshahara. Hilo ni la kudai katika mkataba wa pamoja, na litawafaa mafundi wote, wenye ADHD na wasio nayo.

Nirudi kwenye methali. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nyumbani kwetu yalikuwapo majembe matatu: zito la kuvunja ardhi mpya, jepesi la kupalilia maharage, na lile la mpini mfupi la mama yangu, maana alikuwa mfupi. Kila alfajiri baba alichagua kabla ya kutoka. Sikumbuki jirani yeyote aliyesema baba yangu si mkulima.

Siku ile Malaba, kabla sijapanda basi, nilimwomba ndugu yule radhi kwa kikao cha 2013. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Katibu, wewe hukujua, na mimi sikujua. Lakini sasa unajua." Akarudi chini ya lori.

Nami naandika ili nanyi mjue. Wiki hii, kila katibu wa tawi afungue jalada la maonyo, atafute jina linalojirudia, na amwite mwenye jina hilo. Aje na daftari.

Mshikamano daima.